Mshenga Wangu, Mkusanyaji wa Bunduki

Doris alinipigia simu asubuhi moja, theluji ya mwisho ikiyeyuka barazani, akaniambia kwa sauti kavu kwamba Daktari ametutoka. Nikasema innalillahi, nikavuta kiti cha jikoni nikakaa. Kabla sijapata neno la pili la kumfariji, akaniuliza ningekuja lini kuchukua bunduki. "Zozote uzitakazo," akasema. "Zote, ukiweza. Nilimwambia tangu zamani, akitangulia yeye nitazitoa nje pamoja na majani makavu." Ndivyo alivyo Doris, na ndivyo alivyokuwa mwaka ule nilipoishi nyumbani kwao. Nilikata simu nikiwa nacheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo mtu wa umri wangu hapaswi kulifanya mbele ya kikombe cha chai kisichoguswa.

Sitasimulia nilizaliwa wapi wala nani alinilea. Hayo ndugu zangu wanayajua, na kila mmoja anayasimulia kwa namna yake. Nataka kusimulia mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa mwanafunzi niliyetoka Mombasa na kupanga chumba Burnsville, kusini mwa Minneapolis, katika nyumba yenye bunduki nyingi kuliko vijiko. Mwenye nyumba alikuwa daktari wa meno aliyestaafu, mzee mrefu mwenye nyusi nene, jina lake Walter, lakini mimi nilimwita Daktari tangu siku ya kwanza na yeye akalipenda hilo. Mkewe, Doris, alikuwa mfupi, mwenye haraka, na hakumwita kwa jina lolote ila pale alipokasirika. Siku niliyofika, Daktari alinibebea sanduku hadi chumba cha chini ya nyumba, akawasha taa, na pale juu ya kitanda changu nikaziona zimepangwa ukutani safu kwa safu. Nikarudi ngazi moja nyuma. "Usijali," akasema, "hakuna hata moja yenye risasi." Nikavua koti. Nilikuwa nimeshalipa kodi ya mwezi na nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio.

Zilikuwa bunduki za askari wa Urusi, zile ndefu za mbao na chuma, na kwa macho yangu zilikuwa bunduki moja iliyonunuliwa mara nyingi. Kosa langu lilikuwa kulisema hilo kwa sauti. Daktari alinishika bega akanipitisha ukutani polepole. Hii ilitengenezwa kiwanda cha Tula na ile cha Izhevsk, na mihuri yao ni mbali na mbali. Hii kifua chake, pale mtutu unapoingia, kina pembe na ile ni mviringo. Hii iliundwa hapahapa Amerika kwa ajili ya mfalme wa Urusi, ambaye alipinduliwa kabla hajaipokea, maskini. Hii Wafini, watu wa Finland, waliiteka vitani, wakaipiga muhuri wao, wakaibadilisha mtutu, kisha wakapigana nayo dhidi ya Warusi wenyewe. Aliongea hivyo mpaka Doris akaita kutoka juu kwamba chakula kimepoa, naye akaniambia kwa huruma ya kweli, "Usivunjike moyo. Hata mimi mwanzoni sikuziona tofauti." Nilijifunza kusema "Aa, kifua cha pembe!" kila nilipoonyeshwa mpya, na mara nyingine nilipatia.

Miaka ile dola ya Kisovyeti ilikuwa imeshasambaratika, na maghala yake ya zamani yalikuwa yakiuza kila kitu. Bunduki ziliingia Amerika kwa makasha, zimepakwa grisi nzito ya rangi ya asali, na bei yake ilikuwa ya kuchekesha. Wengine walinunua moja wakaenda nayo kuwinda paa. Daktari alinunua ili atafute, ndani ya grisi ile, muhuri mmoja ambao wenzake hawana. Kuna alasiri alifungua kasha barazani na kuikuta herufi ndogo aliyoitafuta miaka mingi, akakimbilia ndani na glavu zake za mpira, akamkumbatia Doris, akamwachia mikono miwili ya grisi mgongoni. Kazi yake ya zamani hakuwa ameiacha, alikuwa amebadilisha wagonjwa tu. Aliketi chini ya taa yenye mwanga mkali, akachokoa uchafu kwenye nyufa kwa zile sindano za kuchokolea meno, akaingiza kioo chake kidogo cha mpini mrefu mdomoni mwa mtutu, akaguna. Nilimsikia mara nyingi akiiambia bunduki, kwa sauti ya upole, "Haitauma."

Vita vya nyumba ile vilikuwa jikoni. Grisi hulegea kwa joto, kwa hiyo Daktari alichemsha vyuma kwenye sufuria ya supu na kulaza vitako vya mbao ndani ya oveni, akiamini kwamba mke aliyeishi naye muda wote ule hajui harufu ya grisi. Doris naye, alipojua kwamba mimi ni Mwislamu na nguruwe simgusi, aliogopa kila kitu kilichokuwa na miguu. Akanipikia samaki wa kopo. Samaki wa kopo na viazi, samaki wa kopo na tambi, samaki wa kopo chini ya jibini, majira yote ya baridi, na kila akiniwekea sahani aliniuliza kwa wasiwasi, "Samaki ni sawa, sivyo?" Nikajibu ni sawa, Bi Doris, kwa sababu alikuwa ameinama kunitazama usoni, na mama yangu alikuwa mbali. Nikila niliwasikia wakibishana. "Walt, kitako kimo kwenye oveni." "Kitako gani?" "Hicho kilichomo kwenye oveni." Mlango wa oveni ukafunguliwa. "Loo. Hicho." Wallahi, sijapata kukaa katika nyumba nyingine yenye amani kama ile.

Jumamosi nyingine alinichukua hadi Saint Paul kwenye maonyesho ya bunduki, ukumbi mkubwa uliojaa meza, wazee wa kofia, na harufu ya kahawa iliyoungua. Huko ndiko nilikojifunza adabu za wakusanyaji, na naomba msomaji azishike, kwa sababu ndizo nusura ziniue. Anayeuza hasubiri kuulizwa. Kabla hajataja bei, kabla hata hajaisifu bunduki yake, anakutajia kasoro zake zote, moja baada ya moja, kwa sauti ya kusikika. Daktari alisimama nyuma ya meza yake akawaambia wateja, "Kitako kimeungwa hapa, ona. Namba ya komeo si sawa na namba ya mtutu. Ndani kutu imekula." Nikamnong'oneza kwamba atawafukuza. Akanitazama kama nilivyowahi kumtazama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Kulikuwa na mwenzao mmoja aliyewahi kuuza bunduki yenye ufa alioujaza nta, akauficha. Hakupigwa wala hakushtakiwa. Lakini nilimwona akila andazi lake peke yake, upande wa mlango wa choo, na Daktari akaniambia mtu yule alikuwa hivyo tangu enzi za mtangulizi wa rais aliyekuwepo. "Kasoro si aibu," akasema. "Aibu ni kumwachia mwenzako aigundue nyumbani kwake." Nikaitikia kwa kichwa. Nilidhani tunazungumza habari za bunduki.

Sasa niingie kwenye lililonichoma. Brooklyn Park, kaskazini mwa mji, kulikuwa na duka la nyama ya halali, la Mzee Athman, mtu wa pwani ya kwetu aliyehamia zamani na familia yake. Kutoka Burnsville ni kuvuka mji mzima, na mimi niliuvuka kwa ratili moja ya nyama, kwa sababu aliyekaa kwenye mashine ya kupokea pesa alikuwa binti yake, Rukia. Alikuwa akisomea uhasibu, akafungua vitabu vyake katikati ya mizani na makopo ya bizari, na hakuna aliyepita mbele yake bila kuambiwa neno.

"Tena wewe? Nyama ya juzi imeshaisha?"

"Imeisha."

"Na hapo u-drive tena hadi Burnsville na hii theluji?"

"Nita-drive."

"Haya. Wengine wana mafuta ya kuchezea."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu ya mapenzi, na yalinitosha wiki nzima. Nilimpenda. Sioni haja ya kuzungukazunguka. Nilimpenda hata nikawa natamani nyama iishe. Kisha nikasikia, pale pale dukani, wanawake wawili wakinong'onezana kando ya sanduku la ndizi kwamba kuna kijana wa Plymouth, kitongoji cha jirani, mwenye kazi ya ofisini na gari jipya, na kwamba wazee wake wanajiandaa kuja kuposa. Mzee Athman alikuwa na sifa moja iliyojulikana mji mzima: neno lake ni moja. Akikubali amekubali, akikataa usirudi hata kununua nyama. Nilipiga simu nyumbani, ami yangu akasema haraka nitafute mshenga, mtu mzima, mwenye heshima, akaseme kwa niaba yangu. Wazee wote wa msikitini walikuwa marafiki au wakwe za Mzee Athman. Wanafunzi wenzangu hawakuwa na mvi hata moja kati yao. Nilimjua mtu mmoja tu mwenye mvi na suti.

Daktari alinisikiliza akiwa na sindano mkononi. "Kwa hiyo naenda kukuombea," akasema. Nikamwambia ndiyo, unakwenda kwa baba yake, unamweleza mimi ni mtu wa namna gani, basi. Akaiweka sindano chini. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Ni heshima kubwa," akasema. "Nitamweleza kila kitu." Nami, mjinga wa kutupwa, nikamshukuru.

Kwa desturi zetu mposaji haendi. Lakini Daktari hakuijua njia na Doris alikataa kubaki, kwa hiyo niliendesha mimi, nikanuia kusubiri garini. Ilikuwa Jumapili alasiri, baridi ya kugandisha mate. Mzee Athman akanichungulia dirishani, akamwonea huruma mtoto wa mwenzake, akaniita ndani na kunikalisha chini karibu na viatu. Sebule ilinukia udi. Makochi yalikuwa na vitambaa vya kufuma, meza ina halua na birika la kahawa, na Daktari alivua viatu akaonekana kidole gumba kimetoka kwenye soksi. Doris alipelekwa jikoni kwa Bi Salama, mama yake Rukia, akiwa amebeba bakuli lililofunikwa. Sikuhitaji kuuliza lina nini ndani. Pazia la jikoni likashushwa, na chini yake nikaiona miguu ya Rukia, imesimama, haiendi popote.

Mzee Athman alikuwa mnene, mtulivu, mwenye ndevu zilizopakwa hina. Akamwaga kahawa, akasema, "Karibu sana, Daktari. Tunakusikiliza."

Daktari akakohoa. "Kijana huyu anaishi nyumbani kwangu. Nitakutajia yote, ili baadaye usiseme nilikuficha." Mzee Athman akainua nyusi. "Kwanza, anakoroma. Mimi nalala ghorofa ya pili, yeye chini kabisa, na ninamsikia. Kemia alianguka, akairudia. Alirudisha gari langu nyuma akavunja mlango wa gereji, na alipoulizwa alisema mlango ulikuwa umefungwa, na kweli ulikuwa umefungwa. Hajui kuosha sufuria. Anaosha ndani tu."

Nilitaka kufa. Nilimwangalia kwa macho ya kuomba huruma, ya kutisha, ya kila aina, lakini alikuwa amefumba yake ili asisahau kitu. Pazia lilikuwa linatikisika.

"Akitazama kandanda anamtukana mtu aliyeko ndani ya televisheni. Anapaka siagi kwenye mkate akiwa amesimama, tena makombo yanaanguka. Akizungumza na mama yake kwa simu analia, halafu anasema ni mafua." Akafumbua macho. "Na jino la nyuma, chini kushoto, lina tundu. Nimemwambia tangu vuli." Akaingiza mkono katika mfuko wa koti na kutoa kile kioo chake cha mpini mrefu. "Fungua."

Nikafungua. Mpaka leo siwezi kueleza kwa nini. Nadhani ni mazoea, kwa sababu alishanichungulia kinywa mara nyingi juu ya sahani za samaki. Nilipanua kinywa, nimepiga magoti kando ya viatu, siku ya posa yangu mwenyewe, na Mzee Athman akaondoka kwenye kochi, akavaa miwani, akainama kutazama.

"Naam," akasema. "Lipo."

Alirudi akakaa. Akanywa kahawa yake hadi chini, akakigeuza kikombe mkononi, na mimi nikaanza kuifikiria barabara ya kurudi Burnsville na maisha marefu bila nyama. Kisha akasema polepole, "Daktari, mimi hapa wamekuja watu. Wote waliniletea malaika. Kijana haongopi, hachoki, hakasiriki, kila mmoja. Nikawa najiuliza, malaika wanataka nini Brooklyn Park?" Akakiweka kikombe mezani. "Mtu akikutolea yote, na wewe huna ruhusa ya kubakisha. Binti yangu ana ulimi. Akikasirika hasemi na mtu, lakini milango ndiyo inayosema. Wali wake unaungua chini na juu haujaiva."

"Baba!" ikatoka sauti jikoni.

"Siku za likizo haamki mpaka adhuhuri. Na polisi wa barabara kuu wanamjua kwa jina, kwa mwendo anaokwenda."

"Baba, please! Nipo hapa! Naskia!"

"Na nguo," akasema Bi Salama kutoka nyuma ya pazia, "mwambie za nguo. Chumba chake hakuna pa kukanyaga." Mzee Athman akamtafsiria Daktari. Daktari alisikiliza kwa makini, akiitikia kwa kichwa kila moja, uso wake umejaa heshima, na nilimjua vya kutosha kuona kwamba alikuwa na furaha kubwa. Alikuwa amempata mwenzake. Wawili wale wangeendelea hadi magharibi lau pazia lisingevutwa. Rukia alitoka na mtandio wake umekaa upande, uso umemwiva, mkononi ana mwiko. Msichana anayeposwa huitwa mwisho, akaulizwa, akainamisha kichwa, na ukimya wake ndio jibu. Huyu hakuwa ameitwa na hakuwa na ukimya wowote. Hakumtazama baba yake wala mimi. Alimwendea Daktari.

"Samahani, Doctor," akasema kwa Kiingereza. "Doris ameniambia una bunduki zilizovunjika na kuungwa, zimeliwa na kutu, namba zake hazipatani. Kama unazijua kasoro zote hizo, kwa nini unazileta nyumbani kwako?"

"Kwa sababu ndizo za kweli," akasema Daktari, akishangaa kuulizwa. "Isiyo na alama hata moja imeshapigwa msasa na mtu, ikapakwa vanishi. Inang'aa, na haina thamani tena. Huwezi kujua ilikuwa nini."

"Na ukishazileta, unazirekebisha?"

"La hasha!" Alishtuka hata kahawa ikamwagika. "Nazisafisha, nazipaka mafuta, nazikinga na unyevu. Msasa? Kamwe."

Rukia akasimama akifikiri, akiugongagonga mwiko kiganjani. Hapo ndipo aliponigeukia, mara ya kwanza siku ile, nami nikakumbuka kufunga kinywa.

"Umesikia?" akaniambia. "Basi na mimi usije ukanipiga msasa."

Bi Salama akapiga vigelegele jikoni hadi jirani akagonga ukuta. Doris, aliyedhani kuna moto, alitoka mbio na bakuli lake. Daktari akaniinamia akauliza kwa sauti ya chini kama hiyo ilikuwa ndiyo au hapana, na sikuweza kumjibu, kwa sababu nilikuwa na mafua.

Tulimzika Daktari wiki moja baada ya simu ile ya Doris. Kanisa lilijaa wazee wa kofia, kofia zimevuliwa. Mchungaji kijana, ambaye hakumjua vizuri, alisimama akamsifu: alikuwa mvumilivu, msikivu, mpole wakati wote, mtu asiye na doa. Rukia alikuwa kando yangu, mvi zake zimechungulia kwenye mtandio, machozi yanamtiririka. Akanisogelea sikioni. "Wamempiga msasa," akasema. Doris, kwenye benchi la mbele, akageuka kutaka kujua amesema nini, nami nikamtafsiria. Kisha akainuka, mfupi vile vile, akaenda mbele bila kuitwa, akamshika mchungaji mkono na kumsogeza pembeni. "Msikivu?" akasema. "Sikio lake la kushoto lilikufa kabla hatujafunga ndoa, na hakumwambia mtu. Nililala upande huo maisha yangu yote. Kila nilichomuuliza alijibu ndiyo, mpenzi." Kanisa zima likacheka, wale wazee wakajifuta macho kwa kofia zao, na mimi nikapata nafasi ya kulia bila kuonekana.